Asilimia Kumi na Nane na Chapati

Watu wazima tuna uongo mmoja tunaoupenda: kwamba hesabu tuliiacha shuleni. Konda wa daladala huwarudishia chenji abiria watano huku amening'inia mlangoni, lakini mwulize, atakuapia kwamba hesabu zilimshinda tangu darasa la tano. Waliofaulu ndio tunao ofisini kwetu. Hapo ndipo taabu inapoanzia.

Ililetwa ankara ya shilingi 118,000, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa humohumo. Bosi alitaka kujua bei kabla ya kodi. Akashika simu, akakata asilimia 18, akapata 96,760. Mhasibu akasema ni 100,000, maana hapo hukati, unagawa kwa 1.18. Ikawa kesi. "Kilichoongezwa kwa 18 hupunguzwa kwa 18," bosi alisema, na ubaya wa hoja hiyo ni kwamba inasikika vizuri. Simu ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akabonyeza mwenyewe, kana kwamba jibu lingebadilika likipata kidole kingine. Tuligombania shilingi 3,240 asubuhi nzima. Mishahara yetu ya asubuhi hiyo hakuna aliyeipigia hesabu.

Aliyeleta hukumu ni mama wa chapati, aliyekuja kudai madeni yake. "Baba, chapati ya 400 nikiipandisha kwa nusu yake inakuwa 600. Hiyo 600 nikiishusha kwa nusu, nabaki na 300. Mia yangu imeliwa na nani?"

Bosi akajibu kwamba chapati si kodi.

Haukupita muda tukaingia kwenye vigae vya sakafu ya ofisi. Fundi alipima kona kwa kamba: mita 3 ukuta huu, mita 4 ukuta ule, na mshazari usiposoma 5, kona si mraba. Yeye anaiita "tatu, nne, tano". Pythagoras hamjui wala hamdai. Kona zetu zilikuwa zimepinda zote, kwa hiyo akaomba maboksi 23, vigae vya kukata vikiwemo. Bosi akaona anapigwa. Chumba ni 6 kwa 5, yaani mita za mraba 30. Boksi moja linatandika 1.44, jibu 20.83. Akanunua 21.

"Amenunua vigae vya chumba cha kwenye karatasi," fundi alininong'oneza.

Viliisha kabla ya kufika mlangoni. Maboksi mawili ya kumalizia yalitoka toleo jingine la kiwanda, na sasa wageni hupokewa na mstari wa rangi ya chai ya maziwa.

Siku ya malipo, bosi alipima akapata mita 30. Fundi akapata 31, kwa kuwa kigae kilichokatwa, kwake, kina kazi ya vigae viwili. Walikubaliana 30 na nusu, wakashikana mikono, kila mmoja akaondoka akiamini amempiga mwenzake.