Yah: Maombi ya Kiti cha Plastiki Nje ya Dirisha la Tatu

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, kupitia kwa Mkurugenzi Mtendaji

Diwani wa upinzani ni mjumbe kamili wa baraza kwa siku moja kila robo mwaka, kuanzia saa nne asubuhi, mambo yakiwa yameshaamuliwa jana yake saa mbili usiku. Hayo ndiyo maelezo mafupi ya cheo chake. Yanayofuata ni ufafanuzi tu, na unaletwa kwa heshima zote.

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Ibara ya 146 ya Katiba ikaeleza kwamba zipo ili madaraka yafike kwa wananchi. Ibara haikutaja njia ya kupita. Ndiyo maana madaraka yakishateremka kutoka Dodoma hupitia kwanza ofisi ya wilaya ya chama tawala, CCM, kusalimia, hukaribishwa ndani, hulala, na safari nyingine huoa hukohuko.

Diwani wa aina hii huzaliwa usiku wa kuhesabu kura, na hadi sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 alizaliwa akisimamiwa na mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais. Mei 2019 Mahakama Kuu iliona mkurugenzi kusimamia uchaguzi ni jambo lenye kasoro. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaona halina. Kwa hiyo likawa halina. Mtoto akishazaliwa huapishwa, hupewa mkono na kuitwa Mheshimiwa, kisha hupiga kura ya kumchagua mwenyekiti ambaye jina lake tayari liko kwenye bango la pongezi lililokunjwa nyuma ya ukumbi. Mahali ambapo hesabu imekataa kukaa sawa, tarehe ndiyo husogezwa: madiwani wa Dar es Salaam waliochaguliwa Oktoba 2015 walimpata Meya wa Jiji Machi 2016, baada ya kikao kuahirishwa mara kadhaa, kwa sababu safari ile wengi walikuwa wa upande usiozoeleka. Katika halmashauri inayoandikiwa barua hii hapakuwa na haja ya kuahirisha chochote. Wapinzani ni wawili, na mmoja ana ugonjwa wa miguu.

Hufuata kupangiwa kamati. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango huwa imejaa.

Kisha huja kabrasha, na hapa maelezo hayana budi kwenda taratibu. Kanuni zinataka mjumbe alipate mapema, alisome, akaulize wenye kata yake, ndipo aje kusema. Kabrasha la robo iliyopita, kurasa mia mbili na kitu, lilimfikia diwani wa upinzani mlangoni mwa ukumbi, bado lina joto la mashine. Ukurasa wa mapato ya ndani ulikuwa juu chini. Jedwali la miradi lilikuwa na herufi za ukubwa wa sisimizi. Alipokaa, alichungulia kabrasha la mheshimiwa wa jirani, wa chama kile kingine: lilikuwa na mistari ya kalamu nyekundu, kona zimekunjika, na kwenye jalada palikuwa na doa la chai. Doa lilikuwa limekauka. Chai ya baraza ilikuwa haijaletwa.

Kabla ya kupewa kabrasha hilo, diwani hutakiwa kusaini daftari la mapokezi, mbele ya jina lake, kwenye safu yenye tarehe ya wiki moja nyuma. Karani ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Hamtazami usoni, anashika daftari lisiteleze. Mtu mzima aliyepigiwa kura na watu walioamka alfajiri kupanga foleni anaandika uongo kwa mkono wake mwenyewe ili aruhusiwe kuingia kwenye kikao chake. Huko ni kudhalilishana, na aliyeubuni utaratibu huo analijua hilo vizuri kuliko yeyote. Mwandiko wa karani, hata hivyo, ni wa kupendeza, na ofisi inastahili pongezi kwa hilo.

Ndani ya ukumbi kazi huenda haraka. Mwenyekiti husema wanaoafiki waseme ndiyo, na ndiyo hufika kabla sentensi haijaisha, ndefu na ya pamoja, kama ya watu waliofanya mazoezi. Ni kweli walifanya. Diwani wa upinzani akinyanyua mkono huambiwa muda ni mdogo. Akiomba mwongozo huelekezwa akae. Akikaa, muhtasari huandika kwamba wajumbe wote waliridhia.

Kutokana na hali hiyo, na kwa kuwa kikao halisi cha halmashauri hufanyika usiku wa kuamkia baraza katika ofisi ya chama, Mwenyekiti anaombwa kibali cha kuweka kiti kimoja cha plastiki, kisicho na mikono, nje ya dirisha la tatu upande wa mwembe. Dirisha hilo limechaguliwa baada ya uchunguzi. La kwanza lina pazia zito. La pili liko karibu na jenereta. La tatu kioo chake kimoja kilivunjika na kuzibwa kwa boksi la biskuti, na sauti hupita vizuri, hasa ya mweka hazina wa chama, ambaye husoma makadirio ya halmashauri kwa ufasaha kuliko mweka hazina wa halmashauri yenyewe. Kiti kitawekwa hatua tatu kutoka ukutani, umbali ambao mtu husikia bila kuhesabiwa kuwa amehudhuria.

Diwani hatasema neno. Akikohoa, kikohozi hicho kisichukuliwe kuwa hoja binafsi wala taarifa. Akiinua mkono, ni mbu, na mkono huo unaweza kuandikwa kwenye fungu la wasiofungamana na upande wowote. Mvua ikinyesha atatumia mwavuli mweusi, usio na rangi za chama chochote, na kama wajumbe wa ndani wataona mwavuli unawakatisha mawazo atauteremsha na kulowa. Posho yake iwe nusu, kwa kuwa atasikia kwa sikio moja, lile la upande wa dirisha. Mahudhurio yathibitishwe na mlinzi wa ofisi, mzee mwenye hekima ambaye hujua bajeti ya wilaya saa kumi na mbili kabla ya mkaguzi wa ndani. Asubuhi yake diwani atakuja ukumbini akiwa amejiandaa, atasema ndiyo au hapana kwa jambo analolijua, na Serikali itaokoa wino wa kabrasha moja. Ikionekana majaribio yamefaulu, kiti cha pili kitaombwa kwa ajili ya mwenzake, ila hicho kiwe na mikono, kwa sababu ya miguu.

Yapo na maombi madogo madogo. Maikrofoni ya safu ya nyuma iwekewe betri. Makamu mwenyekiti, anayechaguliwa upya kila mwaka, aruhusiwe angalau kushangaa kwa adabu anapotangazwa. Muhtasari uache kumwandika diwani wa upinzani "mjumbe mmoja". Ana jina, na liko kwenye daftari lile la tarehe za nyuma. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, ile ya wanawake nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili, isomwe majina ya vikundi kwa sauti, polepole, kata kwa kata.

Kata kwa kata, kwa sababu kuna kata moja ambayo jina lake likifika hurukwa. Wananchi wake walichanga, wakafyatua tofali, wakabeba mchanga kichwani Jumamosi baada ya Jumamosi, wakainua boma la zahanati hadi kwenye lenta. Utaratibu unasema wakifika hapo halmashauri inamalizia. Ndani ya boma sasa umeota mpapai, umeshazaa. Kina mama wanaendelea kupakiwa kwenye bodaboda usiku, dereva mbele, mmoja nyuma kumshikilia mjamzito, kilomita zote zile za makorongo. Diwani akiuliza hujibiwa kwa tabasamu kwamba si walichagua wenyewe. Ndiyo, walichagua. Walichagua diwani, hawakuchagua kujifungulia njiani, na tofali zile hazikuwa na kadi ya chama. Anayetabasamu akijibu hivyo angepandishwa hiyo bodaboda usiku mmoja tu, bila dereva wake na bila gari lake.

Samahani. Barua inarudi kwenye mstari.

Hatua ya mwisho katika maisha ya diwani wa upinzani ni kuhama. Dalili zake zinajulikana: huanza kwa kualikwa chai, kisha barabara ya kata yake hupitiwa na greda hadi kwenye kona, greda likasimama, na mtu akaja kumwuliza kama anaiona kona. Wengi waliiona. Kati ya mwaka 2017 na 2019 walikuwa wakivuka mmoja mmoja, wengine kwa mafungu, na sababu iliyotolewa ilikuwa ileile moja, kuunga mkono juhudi za Rais wa wakati huo. Uchaguzi mdogo wa kata 43 wa Novemba 2017, ambazo baadhi yake ziliachwa wazi na wavukaji hao, uliiacha CCM na kata 42. Aliyebakia na ile moja hakupongezwa na halmashauri yoyote ijulikanayo.

Diwani anayeleta maombi haya ameiona kona na hajavuka. Ndiyo sababu anaomba kiti.

Ili kuipunguzia ofisi gharama, kiti chenyewe kimeshanunuliwa na kimehifadhiwa kwa fundi baiskeli aliye mkabala na ofisi ya chama. Kilitafutwa cheupe, duka lilikuwa limebakiza vya kijani tu. Iwapo mheshimiwa yeyote atamwona diwani amekalia kijani chini ya mwembe usiku wa kuamkia baraza, anaombwa asikimbilie kuwaita waandishi wa habari.