Maagizo Yenu ya Viatu Nimeyapata

Shangazi na wakubwa wote wa Mji Mpya, Morogoro, baridi ya Kangemi, Nairobi, imenivika masweta mpaka nafanana na kitunguu.

Nilianzia dukani, katikati ya jiji. Bei za viatu vya Bata huku zinaishia na 99. Nikasimama kusubiri chenji yangu ya shilingi moja, foleni nzima ikanitazama kwa huruma. Kumbe ujanja huo ni wa kale: Tomáš Baťa, aliyeanzisha kampuni 1894 mjini Zlín, Ulaya, alipenda bei zenye 9 mwishoni.

Basi nikaona bora nikakione kiwanda chenyewe, Limuru. Nikadandia matatu barabara ya Waiyaki, muziki unatikisa meno ya bandia ya abiria. Nilimwamkia shikamoo mzee niliyeketi naye. Akauliza kama namdai.

Limuru ni ukungu, mashamba ya chai na viatu. Chai ilitangulia, 1903. Bata waliingia Kenya 1939, mwaka uleule Wajerumani walipoivamia Zlín na nchi yake. Kampuni hii haikuzoea kujenga kiwanda tu. Ilijenga na mji wa kukizunguka. Uingereza ipo East Tilbury, India ipo Batanagar. Limuru nayo ikawa mji wa kiatu: buti la Safari linalovaliwa na nusu ya walimu wa Kenya (hesabu ni yangu, msiniulize) linatoka huku.

Mjomba atapenda hii. Kule Zlín walimaliza mwaka 1938 ghorofa la mita 77, na ofisi ya bosi wakaiweka ndani ya lifti. Meza, simu, hata sinki la kunawia, vyote vinapanda na kushuka. Mjomba, wewe uliyekuwa ukisinzia kazini nyuma ya marobota, ukuta unafunguka na bosi huyo hapo, kalamu mkononi!

Lakini msidhani watu wa huku ni wa kuinamia soli tu. Jirani kuna kijiji cha Kamirithu, cha mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1977 wakulima na vibarua, wakiwemo wa kiwandani, walijenga jukwaa la wazi wakaigiza mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Mchana wanawashonea matajiri viatu, Jumapili wanawasema hadharani. Haikufika miezi miwili serikali ikaufuta mchezo, Ngũgĩ akatiwa kizuizini mwisho wa mwaka. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Kiwanda cha viatu hakikuguswa.

Najua Shangazi utasema hata sisi Morogoro tulikuwa na kiwanda cha viatu. Tulikuwa nacho, naam! Benki ya Dunia ilitukopesha, tukaahidiwa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziende Ulaya. Kuta za alumini, hewa haina pa kupita, katika joto la Morogoro! Hata asilimia 5 ya uwezo wake hakikufikia, na 1990 kikafungwa. Bosi wetu angepanda lifti angeiva.

Sasa namba. Shangazi 39, Mjomba 44, nimeandika. Babu alipima mguu wake kwa kipande cha mua akampa dereva wa basi aniletee. Dereva anasema foleni ya mpakani Namanga ilikuwa ndefu, akautafuna. Naomba kipimo kingine, safari hii kamba.