Vumbi la Karatu na Gari la Sentimita 12

"Hili umemnunulia mtoto?" Swali hilo huwasha kuliko pilipili, hasa likiulizwa kwa upole. Anayeulizwa ni mtu mzima mwenye ndevu na madeni, na kiganjani ameshika Land Cruiser ya sentimita 12 aliyoiunda kwa mikono yake, kuanzia bampa hadi keria. Anayeuliza amekuja na Land Cruiser ya kweli, ameiegesha nje injini ikinguruma, na ukimwuliza ina springi ngapi atakutuma kwa fundi wake. Hivi ndivyo mambo yalivyo Karatu, mji wa kaskazini mwa Tanzania unaoamshwa alfajiri na dizeli zinazopandisha kuelekea Lodoare, lango la hifadhi ya Ngorongoro: mwenye gari kubwa ni bosi, mwenye gari dogo ni mtoto. Napinga hukumu hiyo, tena kwa hesabu. Kulipunguza gari kwa uwiano sahihi kunadai ujuzi mwingi kuliko kulimiliki, na anayecheka hajawahi kushika rula.

Tuanze na uwiano wa 1:43, unaopendwa sana na wakusanyaji wa magari madogo. Umerithiwa kutoka kwa watengenezaji wa treni ndogo wa Uingereza, waliokubaliana kwamba milimita saba ziwakilishe futi moja. Walioanisha vipimo viwili visivyosalimiana, na wenye magari madogo wakawafuata bila kuuliza. Kwa uwiano huo gari la mita tano na ushei linakuwa sentimita 12, tembo dume anafika sentimita saba begani, na Kreta ya Ngorongoro, yenye kina cha mita 600 hivi, inakuwa shimo la mita 14 lenye upana wa zaidi ya mita 400. Kwa maneno mengine, anayetaka kulipatia gari lake mandhari kamili aanze kwa kutafuta shamba na buldoza. Uzito nao una vituko vyake, kwa sababu haupungui mara 43 bali mara 43 kwa 43 kwa 43, ambazo ni 79,507. Gari la tani mbili na nusu linabaki na gramu 31. Nguvu ya chuma, kwa upande wake, hufuata eneo la mkato wake, kwa hiyo hupungua mara 1,849 tu. Ndiyo maana gari dogo likianguka kutoka mezani, anguko ambalo kwa uwiano wake ni la mita 32, mara nyingi huokotwa likiwa zima, ilhali lile kubwa lingebebwa kwa gunia. Udogo una sheria zake, na sheria hizo hazimo kwenye leseni ya udereva.

Balaa lenyewe ni kupaka rangi, na hapo ndipo Karatu inapomkomoa mtu. Rangi ya gari halisi ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa 1:43 ingepaswa kuwa nyembamba mara 43 zaidi, jambo ambalo hakuna kopo la kupuliza linaloliweza. Kwa hiyo kila gari dogo, hata liwe zuri namna gani, limevaa koti la rangi nene kuliko stahili yake, na kazi ya fundi ni kulificha koti hilo: anapuliza tabaka jepesi, anasubiri, anapiga msasa laini wa maji, anapuliza tena. Katika kule kusubiri ndipo kiangazi kinapoingia. Udongo mwekundu wa Karatu, uliotokana na majivu na miamba ya volkano za nyanda hizi, husagwa na matairi ya magari ya watalii hadi kuwa unga unaopita chini ya mlango, kwenye tundu la kitasa na, naapa, kwenye ukuta wenyewe. Chembe moja ya sehemu tano za mia za milimita, ambayo juu ya gari la kweli hakuna ambaye angeiona, hapa ni kokoto ya milimita mbili katikati ya boneti. Unywele mmoja ni kamba nene. Mwenye busara atashauri kungoja mvua. Mvua ikija, ukungu hushuka kutoka ukingo wa kreta, unyevu huingia kwenye rangi inayokauka haraka, na gari la kijani kibichi huamka limefifia kama lililopakwa maziwa. Mwaka mzima basi una misimu miwili ya rangi, msimu wa kokoto na msimu wa maziwa. Na kejeli yenyewe ni kwamba huko Hispania kampuni ya Vallejo hufungasha unga wa rangi ya vumbi katika vichupa vya mililita 35, na watu wazima huununua ili magari yao yaonekane kama yametoka safari. Sisi vumbi lenyewe tunalipumua bure na hatujapata hata risiti. Majanga mengine ni madogo: gundi huganda kwenye mrija, kuku hudonoa taa za mbele, mgeni hukalia paa.

Atatokea mtu aseme hayo yote hayaondoi ukweli kwamba magari madogo ni ya watoto. Nakubali ni ya watoto, na hilo linazidi kunipa haki. Tazama gari la waya linalosukumwa na mtoto pembezoni mwa barabara ya vumbi. Magurudumu yamekatwa kutoka kandambili zilizochakaa, na usukani ni duara la waya juu ya fimbo ndefu inayofika kiunoni, ili dereva aendeshe akiwa amesimama wima. Ncha ya chini ya fimbo imekunjwa kuwa mkono mfupi ulioshikana na ekseli ya mbele, na ekseli imefungwa katikati kwa msumari. Duara likizungushwa, mkono unavuta upande mmoja wa ekseli na magurudumu yanakata kona. Mtoto huyo amegeuza mzunguko wa mkono kuwa mwendo wa kuvuta, kazi ileile inayofanywa na sanduku la usukani la Land Cruiser. Pia ameshatumia, bila kuambiwa na mtu, ile sheria ya uzito: waya usioweza kubeba gari kubwa unalibeba dogo bila kulalamika. Mtu mzima anayefanya hivyo kwa kibano na miwani hajarudi utotoni. Ameendelea pale ambapo wenzake waliacha.

Mwingine atasema nakala ni nakala, haina heshima ya kitu halisi. Huyo namwomba afike makumbusho ya Oldupai, ndani ya eneo lilelile la hifadhi ya Ngorongoro. Nyayo za binadamu wa kale za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6 na zilizogunduliwa na timu ya mtafiti Mary Leakey mwaka 1978, zilifukiwa tena ili zisiharibike, na kinachoonyeshwa makumbusho ni nakala. Fuvu la Zinjanthropus, ndugu wa kale wa binadamu, lililopatikana Oldupai mwaka 1959, lenyewe limehifadhiwa Dar es Salaam. Wageni huvuka bahari, hulipa kiingilio, husimama kimya mbele ya nakala, na hakuna anayemwuliza profesa kama amemnunulia mtoto. Heshima ya nakala imo katika usahihi wake, na usahihi hupimwa kwa namna ileile, liwe fuvu au fenda.

Hapo mzaha unaniisha. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imetengeneza kwa uwiano wa 1:24 ile Datsun 240Z iliyoshinda mbio za Safari Rally za mwaka 1971, na stika zake zote zimo. Sawa, ilistahili. Lakini gari linaloshuka kretani kwa barabara ya Seneto na kupanda kwa ile ya Lerai siku baada ya siku, ambalo mafundi wa Arusha walilikata fremu, wakalirefusha, wakaongeza safu ya viti na kulipa paa la kunyanyuka, nani amelipima? Viwanda vya nje huiga gari kama lilivyotoka Toyota. Kazi ya mafundi wetu, ambayo ndiyo inayoingiza watalii kreta, inabaki kichwani mwa fundi na kuishia kwenye chuma chakavu. Wanaoweza kuihifadhi ni hawa wa magari ya sentimita 12, ambao wakiomba kuingia chini ya gari na rula huonekana wezi wa vipuri. Wengine ni watoto wa magari ya waya, wanaonyang'anywa magari yao getini mwa shule kwa kosa la kuchelewa, katika nchi iliyowahi kuweka stadi za kazi kuwa somo la shule ya msingi. Mwalimu anayenyang'anya na aulize kwanza gari hilo lina uwiano gani. Akijibiwa kwa namba, atoe alama. Asipojibiwa, atoe rula, ya kupimia na si ya kuchapia.