Shangazi, Majini Kuna Nyoka!

Joto la Januari huku tambarare ya Kasese limewapeleka vijana mtoni, na mto umewarudisha kwangu na barua mkononi. Nimechagua chache, zote za nyoka wa majini. Niseme mapema: shangazi yenu si daktari wala bwana nyama. Nauza samaki sokoni Kisinga, na nimeolewa na mwanamume anayepanda juu ya meza akiona mjusi. Kwa elimu hiyo, tuendelee.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 22, kuogelea najua tangu utotoni. Lakini kila nikifika katikati ya Mto Nyamugasani wazo linaniingia: je, chini yangu kuna nyoka? Basi mwili unaganda, nainua shingo na kurudi ukingoni nikihema. Wenzangu wameniita Bwana Nyoka. Nifanyeje? — Bwambale, Kisinga*

Mwanangu Bwambale,

Kwanza siri yako iko salama. Kila nyumba ya Wakonzo iliyojaliwa mvulana wa pili ina Bwambale wake, kwa hiyo Kisinga ina Bwambale wengi kuliko nyoka. Hilo jina la utani nalo usilikatae. Bwana Nyoka hasa alikuwa Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Ugiriki aliyefanya kazi ya bwana nyama kusini mwa Tanganyika, kisha akakaa Newala akikamata nyoka wa kupeleka kwenye makumbusho na bustani za wanyama. Waliwahi kumwuma mara nyingi tu, na alipofariki mwaka 1968 sumu ya nyoka haikuwa na kosa.

Sasa swali lako. Ndiyo, majini kuna nyoka. Nikikwambia hakuna utajua nakubembeleza, maana nyoka karibu wote wanajua kuogelea, na Uganda ya magharibi ina wanaoyapenda maji kwa dhati. Yuko swila mweusi wa msituni, ambaye hata samaki anakula. Yuko chatu, anayeweza kujizamisha kwenye kina kifupi akabakiza pua. Wako na wadogo wasio na neno wanaowinda vyura kwenye matete. Lakini jiulize, huyo nyoka anakutakia nini? Sumu yake ni ya kumpatia chakula, na wewe si chakula anachoweza kukimeza. Kwa kishindo mnachotumbukia nacho nyinyi vijana wa darajani, mtetemo umemfikia kabla hujapata baridi, naye ameshahama. Ukimwona anavuka, kichwa juu na mwili ukijipinda nyuma yake, ana safari zake. Mpishe. Wanaoumwa aghalabu ni wale wanaomfuata na fimbo ili wasifiwe na wasichana.

Kitu kilichokugusa mguuni ni unyasi, au mzizi, au mfuko wa sukari ambao mtu wa juu ya mlima hakuuhitaji tena. Ukiteremka hadi mto unapoingia Ziwa Edward, basi huenda ni kamongo. Huyo namfahamu. Wiki iliyopita niliwekewa mmoja mezani ametoka Katwe alfajiri: mwili mrefu wa utelezi, madoadoa, mapezi membamba yanayoning'inia mfano wa nyuzi, na saa nne asubuhi bado anafungua kinywa anavuta hewa, kwa sababu Mungu alimpa mapafu. Mama mmoja alidondosha kikapu cha nyanya akapiga yowe la nyoka hadi askari wa soko akaja. Nilimwuzia kipande kwa bei nafuu. Kamongo hana sumu, ila meno yake ni mabamba makali, kidole usimpelekee.

Tatizo lako wewe liko shingoni. Ukiinua kichwa, miguu inazama. Miguu ikizama, unapiga maji bila kwenda popote, pumzi inaisha, na pale ulipokuwa unaogopa kufa kwa nyoka unaanza kufa kwa maji. Wazo likija, geuka chali, masikio ndani ya maji, tazama mawingu, vuta pumzi ndefu mpaka mwili ulegee. Kisha ogelea sambamba na ukingo. Hakuna sheria ya baraza la kijiji (LC) inayokulazimisha kukata katikati.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka duniani kote, na wengi wao wanaumwa nchi kavu, shambani na njiani. Maji yaliua watu wapatao 300,000 mwaka 2021 peke yake. Na mto wako, mwanangu, umezaliwa Rwenzori. Unapokea mvua ambayo wewe hukuiona. Hapa chini jua linachoma, kule juu kumemwagika, na baada ya muda maji yanakuja na mawe. Tuliona Mto Nyamwamba ulivyofurika Kilembe Mei 2013, na Mei 2020 mito ikarudia, Nyamugasani ikiwemo. Kwa hiyo acha kuchungulia chini. Tazama juu, mlimani. Kukiwa na wingu jeusi, au maji yakibadilika rangi ghafla na kuanza kuleta matawi, toka hata kama hujamaliza kujisugua.

*Shangazi, mjomba wangu wa Bwera anasema nyoka hawezi kuuma akiwa majini, maana akifungua kinywa atakunywa maji na sumu yake mwenyewe imwue. Nimeweka dau la kuku. — Mpenda Kuku*

Mpenda Kuku,

Kama ulimwamini mjomba, kuku amekwenda. Nyoka anauma majini vizuri sana, la sivyo wale wanaokula samaki wangekufa njaa. Katika Ziwa Tanganyika, ng'ambo na huku, Kigoma na Kongo, kuna swila wa majini ambaye maisha yake yote ni samaki. Anapiga mbizi hadi kina cha mita 25 na anakaa chini dakika nyingi kabla ya kuja kuvuta hewa. Wataalamu walimpa jina la Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyejenga kituo Mpala, na walimwandika vitabuni tangu 1886. Wavuvi wanamjua, wanapishana naye, na ni mpole ajabu kwa watu. Sumu anayo lakini. Upole wa mwenye silaha hauchezewi.

Mjomba akikataa, mwambie kwamba Kapteni Pitman, aliyekuwa mkuu wa wanyamapori wa Uganda tangu 1925, aliandika kitabu kizima cha nyoka wa nchi hii, kikatoka 1938. Atasema wazungu hawajui kitu. Lipa kuku, amani ya ukoo ina gharama yake.

*Bwana asifiwe, Shangazi. Mimi ni shemasi. Sisi tunabatiza kwa kuzamisha, mtoni. Mchungaji wetu kabla ya kuingia anatuma wazee wapige maji kwa fimbo dakika nzima kufukuza nyoka. Baadhi ya waumini wanasema huo ni upungufu wa imani. Sasa kuna mpango wa kuhamishia ubatizo Katunguru ili picha zitoke vizuri. Ushauri wako? — Shemasi Mwenye Mashaka*

Shemasi wangu,

Kupiga maji kwa fimbo si upungufu wa imani, ni hodi. Nyoka anaisikia na kuondoka. Mchungaji aendelee, na wale wanaomcheka watangulie wao.

Lakini Katunguru! Nani aliyetoa wazo hilo, na anamdai mchungaji kiasi gani? Mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, ni miongoni mwa mahali penye viboko wengi kuliko popote Afrika. Kiboko haendi kwa fimbo. Hali nyama, anakula majani usiku, lakini ukisimama kati yake na kina cha maji anahesabu umemzibia mlango. Na mamba wapo. Vitabu vya zamani vitakwambia Ziwa Edward halina mamba, na vilikuwa vinasema kweli. Wameingia katika umri wa watu ambao bado wanatembea, wakipandia upande wa Mto Semliki. Msibatize kwa kufuata kitabu cha zamani, isipokuwa kile kimoja.

Hili silifanyii mzaha: mwaka 2018, kwenye Ziwa Abaya nchini Ethiopia, mchungaji mmoja alikuwa anabatiza waumini wake, mamba akamchukua mbele ya macho yao. Bakini na mto mdogo, mahali penye maji ya magotini hadi kiunoni, yanayoonekana chini, asubuhi jua likiwa limeshatoka. Au chimbeni kisima cha ubatizo kanisani. Picha zitatoka vizuri vilevile.

*Shangazi mpendwa, mwanangu wa miaka saba alikuwa mtoro wa kwenda mtoni. Nikamtisha kwamba kuna nyoka mkubwa anayemeza watoto wasiosikia. Ameacha mto. Lakini sasa hataki kuoga hata kwenye beseni, na anasema choo kina nyoka, chini ya kitanda kuna nyoka. Ananuka. — Mama Amechoka*

Mama mwenzangu,

Nyoka huyo wewe ndiye uliyemzaa, sasa mlee.

Nyoka wa mtoni alikuwa kazi rahisi: yuko mbali, huhitaji kusimama ukingoni kumwangalia mtoto. Ungemwambia ukweli, kwamba maji yanavuta na yeye bado ni mdogo, angeuliza maswali kumi na wewe ulikuwa na maharage motoni. Naelewa. Hata hivyo rudi ukatengue. Mpeleke mtoni wewe mwenyewe, mshike mkono, aone wanawake wanafua na watoto wakubwa wanaoga. Mtafutie mtu mzima amfundishe kuelea. Beseni litafuata lenyewe.

Halafu nikwambie jambo usilopenda. Kuhusu choo na chini ya kitanda, mtoto ana akili kuliko sisi. Nyoka wengi wanaouma watu hukutana nao hapohapo nyumbani na shambani: mtu anatoka usiku pekupeku, bila tochi, anamkanyaga kifutu aliyelala njiani na asiyejisumbua kumpisha mtu. Au gunia la mahindi limeleta panya, panya wakamleta mgeni. Fyeka nyasi za uani, ondoa rundo la matofali lililongoja nyumba miaka yote hiyo, chomekea neti vizuri chini ya godoro, na tochi ikae karibu na viatu.

Na akiumwa mtu, Mungu apishe mbali: mlaze, mguu usitikisike, vua pete, bangili na viatu kabla hajavimba, tafuteni gari au boda ya watu wawili wa kumshikilia. Kagando iko hapa Kisinga, Bwera wana hospitali yao. Mmoja atangulie kupiga simu kuuliza kama dawa ya sumu ipo, ili msipoteze saa barabarani. Msimfunge kamba ya kukata damu. Msichanje kwa wembe, msinyonye. Lile jiwe jeusi analouza mzee wa gulioni ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Ningependa ungefanya supu kabla hawajauchoma.

*Shangazi, mimi ni mtoto wa Kisinga, nafanya kazi za nyumbani Muscat. Ijumaa madamu ananituma nipeleke watoto watatu ufukweni. Nimesikia bahari ya huku ina nyoka wenye sumu kuliko wa nchi kavu. Kuogelea sijui. — Masika*

Binti yangu Masika,

Umesikia vyema. Upande wetu wa bahari, kuanzia Lamu hadi Mtwara, nyoka wa bahari ni wa aina moja tu, yule mweusi mgongoni na wa njano tumboni. Mengine yanayopigiwa kelele na watalii Zanzibar ni mikunga. Huko Oman aina ni kadhaa. Utawatambua kwa mkia uliobapa kama kasia. Sumu yao ni kali mno, ila meno mafupi na hasira kidogo. Wanaoumwa zaidi ni wavuvi wanapowatoa nyavuni. Ukikuta mmoja ametupwa na mawimbi mchangani, hata kama anaonekana amekufa, watoto wasimguse.

Lakini barua yako niliisoma mara ya pili kwa sababu ya maneno mawili ya mwisho. Hujui kuogelea, na una watoto watatu baharini. Nyoka anaweza kungoja. Zungumza na madamu kwa adabu, kabla ya Ijumaa: watoto wavae majaketi ya kuokolea, wasipite maji ya magoti, au aje mtu anayejua kuogelea. Mwambie unasema hivyo kwa ajili ya watoto wake. Na wewe mwenyewe usiingie kumfuata anayezama. Rusha chochote kinachoelea na upige kelele za Kikonzo, zinafika mbali.

*Shangazi, sina kawaida ya kuandika magazetini. Jumamosi jioni nilikuwa Katunguru kwa shughuli zangu. Nikaona nyoka majini, shingo ndefu nje, mwili hauonekani. Akazama. Akaibuka mbele zaidi ana samaki. Kisha, Shangazi, AKAPAA. Nilikuwa nimekunywa chupa moja tu. Mke wangu hataki kusikia. — Shahidi*

Ndugu Shahidi,

Nakuamini. Huyo ni mbizi, ndege mweusi mwenye shingo ya hudhurungi na mdomo mfano wa mkuki. Manyoya yake yanalowa, hayazuii maji kama ya bata, ndiyo maana mwili unazama na shingo inabaki peke yake inazungukazunguka. Akishashiba anapanda mtini kuanika mabawa. Pale mferejini wapo wengi, wamechanganyika na minandi. Waingereza nao walimwita ndege-nyoka, na sidhani wote walikuwa wamekunywa.

Kuhusu mkeo: nimekutana naye sokoni. Nyoka anayepaa amemkubali. Anachouliza ni zile shughuli zako za Katunguru, na kwa nini zilikwisha saa saba za usiku.