Mwenye Ua na Miiba Yake

Anayepanda ua huwa na adui wake maalumu kichwani: mbuzi wa jirani, mwizi wa usiku, au yule shangazi asiyepita bila kuchungulia kimepikwa nini. Ua ukishakua, wa kwanza kuchomwa ni mwenye ua mwenyewe, kajipinda chini ya matawi akitafuta funguo zilizomponyoka.

Mnyaa, kwa mfano, hauna masharti. Kijiti hukatwa, kikachomekwa ardhini, kikashika. Mbuzi hawana hamu nao. Wamaasai huuzungushia maboma yao, na inasemekana jina la Ziwa Manyara limetokana na jina lake la Kimaasai. Kasoro yake ni utomvu: ukiruka jichoni unaweza kumpofusha mtu kwa muda. Kila mpogoaji analijua hilo, mpaka nzi atue puani na mkono wenye utomvu uende wenyewe. Hapo ndipo mtaa humwona baba mzima akikimbilia bombani macho kayafumba, akipiga teke kila ndoo iliyo njiani, na watu wakadhani kavamiwa na nyuki. Wanaocheka wangefanya vyema kumfungulia maji kwanza.

Nyanda za juu za Kenya zina kaiyaba, mmea uliotoka Afrika Kusini, pande za Mto Kei. Miiba yake ni mirefu kama sindano za kushonea magunia, na matunda yake ya manjano ni machachu hasa. Mpira wa watoto ukiingia humo, hutoka na tobo. Baba akiingia kuufuata, hutoka bila mfuko wa shati. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Huyu hata kupanda hakupanda.

Uingereza mambo huishia kwenye baraza la mji. Huko kuna mberoshi chotara unaoitwa Leylandii, ulioibuka Leighton Hall, Wales, mwaka 1888, na unaoweza kurefuka karibu mita moja kwa mwaka. Mtu huupanda apate faragha, akaenda likizo. Akirudi, jirani anakata vitunguu kwa taa saa sita mchana. Ugomvi ulizidi hadi sheria ya mwaka 2003 ikampa jirani haki ya kulalamika dhidi ya safu ya miti miwili au zaidi ya kijani cha kudumu inayopita mita 2. Ni sheria ileile ya kupambana na wahuni na wenye fujo mitaani. Mti umewekwa kundi moja na walevi!

Lakini hakuna aliyehangaika na ua kama maofisa wa Kiingereza India. Ili kuzuia chumvi ya magendo isiyolipiwa kodi, waliweka mstari wa forodha uliofika kilomita 3,700 hivi, na kwa sehemu kubwa wakaupandia ua wa miiba. Walinzi walikuwa takriban 12,000. Allan Octavian Hume, kamishna wa mstari huo kuanzia 1867 hadi 1870, alipambana na mchwa, moto na ukame ili ua usitoboke. Chumvi iliendelea kupita. Mwaka 1879 mstari ukafutwa, na mwaka 1885 Hume huyohuyo akawa miongoni mwa waanzilishi wa Indian National Congress, chama kilichokuja kuongoza harakati za kudai uhuru. Kwa mlinda ua wa serikali, hiyo ni kazi ya pili ya kupendeza.

Wafanyabiashara nao wana ua wao, usio na jani hata moja: kwa Kiingereza neno “hedge” ni ua, na pia ni kujikinga dhidi ya bei kubadilika. Shirika la ndege linaloogopa mafuta kupanda bei huingia mkataba wa kujikinga mapema. Julai 2008 pipa lilipita dola 140, na waliojikinga wakaonekana werevu. Desemba likawa chini ya dola 40, nao wamefungwa na mikataba yao. Kenya Airways ilitangaza hasara ya takriban shilingi bilioni 4 kwa mwaka ulioishia Machi 2009, sehemu kubwa ikitokana na mikataba hiyo. Mashirika yasiyojikinga yalijaza matangi kwa bei ya sokoni na kujiona mahodari. Mwaka 2011 pipa likavuka tena dola 100, na safari hii wao ndio walioulizwa ua wao uko wapi.