Daktari, Usiniandikie "Ca ya Koo": Mwongozo kwa Wenye Haraka

Daktari, kabla hujafunga jalada hilo, hebu lirudishe mezani. Umeandika "Ca ya koo", ukatia sahihi ambayo hata wewe kesho hutaisoma, ukaita mgonjwa anayefuata. Jalada sasa linakwenda kwa afisa kumbukumbu ageuze maneno yako kuwa msimbo wa ICD-10. Yeye hakumwona mgonjwa, hakushika taa wala kijiti cha kukandamizia ulimi, na haruhusiwi kukisia. Ulichomwachia kinamfikisha C14.0 na hapo anakwama: koromeo, mahali hapakutajwa. Mgonjwa alikuja na kidonda ulichokiona kwa macho yako mawili, akatoka bila mahali.

Basi anza kwa kutaja mahali. Tonsili ni C09, koromeo lililo nyuma ya kinywa ni C10, lililo nyuma ya pua ni C11, la chini ni C13, zoloto ni C32. Umio, ambao wagonjwa wengi nao huuita koo, uko mbali kabisa, C15. Hizi ni saratani tofauti. Ya nyuma ya pua hutegemea sana mionzi; ya umio ina njia yake nyingine. Anayepanga idadi ya mashine za mionzi kwa nchi nzima anasoma misimbo hiyo, na ukimpa koo la jumla unampa hesabu isiyomsaidia kununua chochote.

Kinywani nako usijifiche nyuma ya "Ca ya mdomo". Mdomo wa nje ni C00, ufizi C03, sakafu ya kinywa C04, kaakaa C05, upande wa ndani wa shavu C06.0. Andika "kidonda cha ukingo wa kushoto wa ulimi" na afisa atakwenda moja kwa moja hadi C02.1. Neno "kushoto" halina nafasi katika msimbo huo, lakini liandike hata hivyo, kwa sababu mpasuaji atalihitaji kuliko sisi sote.

Na kwa kuwa tumefika kwenye ulimi, tukae hapo kidogo, maana hapa ndipo haraka yako inapoharibu zaidi. Theluthi ya nyuma, yaani shina la ulimi, ina msimbo wake peke yake: C01. Sehemu nyingine zote zimo C02. Ukiandika "ulimi" tu, afisa atakupa C02.9, na kosa hilo si la karatasi peke yake. Katika kupanga hatua za ugonjwa, shina la ulimi huhesabiwa pamoja na koromeo, si pamoja na kinywa. Tangu toleo la nane la TNM, mfumo wa kupanga hatua hizo, lililoanza kutumika 2017, saratani za koromeo lililo nyuma ya kinywa zinazotokana na kirusi cha HPV zina jedwali lao la hatua, nazo hutambuliwa kwa kipimo cha p16. Tezi za shingoni zilezile zinaweza kumweka mgonjwa mmoja hatua ya kwanza na mwingine hatua ya nne. Kwa hiyo andika theluthi ipi, na kama p16 imefanyika, andika majibu yake. Kama haikufanyika, andika kwamba haikufanyika. Ukimya wako haumwambii msomaji lolote.

Tezi ya shingoni iliyovamiwa usiiite "saratani ya shingo". Ni C77.0, saratani iliyosambaa, na lazima useme imetoka wapi. Kama umetafuta chanzo ukakikosa, sema hivyo waziwazi, maana C80 ipo kwa ajili ya hali hiyo.

Alama ya kuuliza nayo ina muda wake. "?Ca" inafaa siku ya kwanza, unaposubiri majibu ya kipande cha nyama. Majibu yakirudi, rudi kwenye jalada ukaandike aina ya seli. Msimbo wa seli 8070/3 ni saratani ya seli bapa iliyokwisha kuvamia; 8070/2 bado imebaki kwenye utando wa juu. Tarakimu moja baada ya mkwaju hubeba uzito wote huo. Alama yako ya kuuliza isiishi muda mrefu kuliko mgonjwa.

Tena, si kila uvimbe wa kinywani unaangukia kwenye misimbo ya kinywa. Sakoma ya Kaposi ya kaakaa ni C46.2. Mtoto mwenye taya lililovimba kwa limfoma ya Burkitt ni C83.7, wala si saratani ya mfupa wa taya. Na hapa ninakuomba umkumbuke Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari takriban kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza nani amewahi kuona watoto wa namna hiyo na wapi. Ramani ya ugonjwa ikajitokeza kutokana na majibu hayo, na utafiti uliofuata ukafika hadi kirusi cha Epstein-Barr. Yote yalitegemea madaktari wa hospitali za mbali waliojua walichokiona na mahali walipokiona. Wewe unaombwa mstari mmoja, nawe umekaa kwenye kiti.

Mgonjwa aliyemaliza tiba na kupona usimwandike kama anaugua leo; historia ina msimbo wake, Z85. Anayeendelea na dawa abaki na C yake.

Halafu muulize anachotafuna. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeiweka popoo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hata ikitafunwa bila tumbaku. "Anatumia tumbaku: ndiyo" haitoshi kwa mzee wa pwani mwenye kidonda shavuni. Andika kama ni tambuu, ugoro au kuberi, kwa miaka mingapi, na huiweka shavu lipi. Usimgombeze; atakuficha.

Mwisho kabisa, andika jina lako kwa herufi zinazosomeka, pamoja na namba ya simu ya wodini. Afisa kumbukumbu akipiga, pokea.