Gesi Imeisha, Bosi

Gari langu ni la 1998, na joto la Dar es Salaam mwezi Februari mnalijua. Kiyoyozi kikigoma, fundi hufungua boneti, hukodoa macho kama mpiga ramli, kisha hutamka: "Gesi imeisha, bosi." Nimeilipia mara tatu.

Jamani, klachi ya kompresa ni sumaku inayongoja volti 12 tu ili ishike, na umeme wake hupitia fyuzi, rilei na swichi ya presha. Taa ya kupimia ingetueleza unakwama wapi. Tatizo la taa hiyo, haijazwi kila mwezi.

Juzi kijana anayenioshea gari alisugua waya wa ethi ulioshika kutu. Tak! Klachi ikanasa.

Fundi akatabasamu: "Unaona gesi yangu?"